Mkutano wa kijiji: ingia na hoja yako, itoke imeandikwa

Wengi wetu tunaijua ofisi ya kijiji kwa jambo moja tu, barua ya utambulisho. Unataka kufungua akaunti benki, kumwekea ndugu dhamana polisi, kumshughulikia mtoto kitambulisho cha NIDA. Unakwenda kwa mtendaji, anaandika kwamba wewe ni mkazi wake na anakufahamu, anagonga mhuri, mnaagana mpaka siku utakapohitaji barua nyingine. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka ishirini, karatasi zake zote zikisema ni raia mwema, na hakuna uamuzi hata mmoja wa kijiji aliowahi kuufungulia mdomo.

Mimi ni fundi cherehani, mkoa wa Tanga, kwenye michungwa. Nilikaa halmashauri ya kijiji kipindi kimoja, tangu uchaguzi wa Desemba 2014 hadi ule wa Novemba 2019, na sasa nimerudi kuwa mjumbe wa kawaida wa mkutano mkuu kama wewe. Ninaloandika hapa ni namna ya kuutumia mkutano huo. Habari za Bunge zina watu wake wa kuzieleza. Mimi naujua mkutano unaofanyika chini ya mwembe, Jumamosi, saa nne zikiwa zimetangazwa na saa sita zikiwa ndizo zenyewe.

Umo tayari

Usisubiri kualikwa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Hakuna kadi wala ada. Mke aliyeolewa juzi kutoka Lushoto amo. Mpangaji wa chumba kimoja amo. Kijana anayelala kwa baba yake amo, hata kama baba naye yupo mkutanoni na wanapingana. Ukisikia mzee anasema "haya ni mambo ya wenyeji", mjibu kwa adabu kwamba sheria inauliza ukaazi, haiulizi babu yako alizikwa wapi.

Wala si mkutano wa chama. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama chake, hana cheo katika serikali ya kijiji. Huku kwetu watu huchanganya kwa sababu mara nyingi nyuso ni zilezile, na kofia zinabadilishwa bila kutangazwa.

Halafu ujue nani anashika nini. Mwenyekiti mmemchagua, yeye anaongoza kikao na ndiye mwenye kugawa nafasi ya kusema. Mtendaji ameajiriwa, yeye ni katibu, na kwake ndiko kuliko faili, mhuri, vitabu vya stakabadhi na daftari la mihtasari. Kwa hiyo ukitaka karatasi, mwone mtendaji. Ukitaka nafasi kwenye ajenda, waone wote wawili, ukianza na mwenyekiti. Katikati yao kuna halmashauri ya kijiji, wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji, na chini yake kamati tatu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Halmashauri inakutana kila mwezi. Lakini kwenye mambo ya sera ya kijiji, mamlaka ya juu ni ya mkutano mkuu, yaani ya ninyi mliokaa chini kwenye majani. Katiba ya 1977, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka yakishapelekwa, lazima awepo wa kuyapokea.

Usingoje mengineyo

Kila ajenda ya kikao ina kipengele cha mwisho kiitwacho mengineyo. Humo ndimo hoja za wananchi huenda kufia. Mnafika mengineyo jua limegeuka, kina mama wameondoka kwenda kupika, mwenyekiti ameangalia saa mara kadhaa, na wewe ndiyo kwanza unasimama: "Mwenyekiti, nina suala la maji." Utajibiwa, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Makofi, kikao kimefungwa.

Hoja yako iingie kabla. Tangazo la mkutano likibandikwa kwenye mbao za ofisi au kupigiwa kipaza sauti, una siku chache. Anza na mwenyekiti wa kitongoji chako, kwa sababu yeye anaingia halmashauri ya kijiji, na ajenda hupikwa huko. Mweleze nyumbani kwake, jioni, ukiwa na mwenzako mmoja au wawili. Ukienda peke yako, shida ni yako. Mkienda watatu, imekuwa ya kitongoji.

Kisha iandike. Nusu ukurasa unatosha: tatizo ni lipi, liko wapi hasa, linawaumiza akina nani, mnaomba kijiji kiamue nini. Usiandike "tunaomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma". Hiyo ni sala. Andika: "Tunaomba mkutano uamue kama kidaraja cha kwendea shule kitajengwa kwa fedha ya mchango uliokusanywa, na nani atasimamia." Peleka nakala mbili ofisini, moja ibaki, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mtendaji mwingine atakuuliza, "Mama, kwani hatuaminiani?" Mnaaminiana sana. Gonga mhuri.

Muhtasari, na neno "yatokanayo"

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya maelezo haya, iwe hii.

Mkutano wowote wa kijiji ukishafunguliwa na akidi (idadi ya watu inayotosha kufanya kikao) ikathibitishwa, jambo la kwanza ni kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Watu wengi wanautumia muda huo kusalimiana. Mtendaji anasoma haraka, sauti ya chini, mwenyekiti anauliza, "Je, ndivyo tulivyozungumza?" Watu: "Ndivyo!" Basi, umethibitishwa, na kuanzia hapo hicho kilichoandikwa ndicho kilichotokea, hata kama wewe ulikuwepo na ulisikia vingine.

Kwa hiyo sikiliza kwa kalamu. Mimi nina daftari la kurasa 96, lilelile ninaloandikia vipimo vya wateja upande wa nyuma. Upande wa mbele ni wa kijiji. Kila mkutano naandika tarehe, ajenda, na maazimio tu, kwa maneno niliyoyasikia. Mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa, nafuatisha kwa kidole. Ukikuta tofauti, hapo ndipo pa kusimama, kabla ya kuthibitishwa: "Mwenyekiti, naomba marekebisho. Azimio la nne halikusema 'mchango uendelee'. Lilisema usimame mpaka taarifa ya fedha isomwe." Sema namba ya azimio, sema maneno yake, kaa chini. Usimtuhumu mtu. Huna haja ya kusema nani kabadilisha. Omba tu irekebishwe.

Baada ya kuthibitisha kinakuja kipengele cha yatokanayo na muhtasari, na hapa ndipo penye nguvu ya mwananchi kuliko popote. Yatokanayo ni kuulizana: lile tuliloazimia limefikia wapi? Katika kijiji chetu watu walikuwa wanaliruka, wanataka kufikia mambo mapya. Halmashauri yoyote hupenda mambo mapya, maana jambo jipya halina deni.

Nikupe mfano wa kidaraja, kwa kuwa nilikiona mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa cha miti, juu ya kijito ambacho kiangazi mtoto anaruka na masika anachukuliwa. Azimio la kwanza liliandikwa hivi: "Wananchi wameazimia kidaraja kitengenezwe haraka." Mkutano uliofuata, kwenye yatokanayo, jibu likawa "utekelezaji unaendelea". Uliofuata, hivyohivyo. Wala hapakuwa na mwizi. Azimio lisilo na jina la mtu wala tarehe ni kitambaa kilichokatwa bila vipimo: mkasi umepita kweli, lakini hakuna wa kukivaa. Mara ya tatu jirani yangu mmoja, mwanamke anayeuza maandazi shuleni, akasimama akaomba azimio liandikwe upya. Likawa: kamati ya huduma za jamii inunue mbao na misumari kutoka kwenye mchango uliopo, mwenyekiti wa kitongoji asimamie mafundi, kazi ianze Jumamosi fulani, taarifa na risiti zisomwe mkutano ujao. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameketi pale mbele za watu wote, jina lake limesomwa, tarehe imesomwa. Mbao zilifika.

Kwa hiyo, kila azimio unalolijali, kabla halijafungwa, uliza maswali matatu kwa sauti: nani, lini, kwa fedha ipi? Halafu malizia, "Naomba iingie kwenye muhtasari hivyo." Mtendaji mzuri atafurahi, umemrahisishia kazi. Mtendaji mwingine atakuangalia.

Mapato na matumizi

Kijiji kinatakiwa kuwasomea wananchi mapato na matumizi. Taarifa ikisomwa kwa mdomo, namba nyingi mfululizo, hakuna atakayeishika. Omba ibandikwe kwenye mbao siku kadhaa kabla. Ikibandikwa, nenda ukaiandike au uipige picha.

Maswali yanayofaa ni mafupi. Tulibaki na shilingi ngapi mara iliyopita, na je, hiyo bakaa ndiyo iliyoanzia taarifa hii? Hili pekee limefichua mengi kuliko maswali ya hasira. Mchango wa kila kaya ulikuwa kiasi gani, kaya ngapi zimelipa, na je, jumla inalingana? Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Vitabu vya stakabadhi vilivyotolewa ni vingapi na vilivyorudi ni vingapi? Na wewe mwenyewe usitoe hata shilingi ya mchango bila stakabadhi, hata mkusanyaji awe shemeji yako. Hasa akiwa shemeji yako.

Kusimama na kusema

Huku kwetu wanaume hukaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye kanga zilizotandikwa pembeni, na mwenyekiti humwona kwanza aliye usawa wa macho yake. Hakuna sheria iliyopanga hivyo, mazoea tu. Dawa ni kuwahi na kukaa mbele, kanga yako na yote. Nyoosha mkono, sema "Mwenyekiti, naomba nafasi", ngoja upewe. Ukipewa, jina lako, kitongoji chako, hoja yako. Dakika mbili. Anayesema dakika kumi anakumbukwa kwa kusema dakika kumi.

Mnapokuwa na hoja moja, gawaneni. Mmoja aeleze tatizo, wa pili atoe pendekezo, wa tatu aseme "naunga mkono hoja". Nilipokuwa halmashauri niliona tofauti: hoja ya mtu mmoja mwenyekiti huijibu mwenyewe, hoja iliyoungwa mkono huirudisha kwa mkutano, na mkutano ndio tunaoutaka uamue. Nasaha kwa wanaume wanaosoma: mkeo akisimama kusema, usimjibie.

Lugha iwe ya adabu, hata ukiwa na uchungu. Mkikosana, kesho mtakutana msibani na kisimani. Lakini adabu isiwe kunyamaza. "Mzee wangu, nakuheshimu, naomba risiti" ni sentensi kamili.

Unaposaini, angalia juu ya karatasi

Daftari la mahudhurio linazungushwa, unasaini, linapita. Safari nyingine linakuwa karatasi tupu yenye mistari, haina kichwa. Hapo simama. Juu ya kila ukurasa paandikwe mkutano gani, tarehe, na ajenda. Majina yakiisha, upigwe mstari chini ya jina la mwisho. Karatasi ya saini isiyo na kichwa inaweza kuambatishwa kwenye muhtasari wowote, na muhtasari unaogombaniwa zaidi ni wa ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, lakini kwa niaba yenu. Halmashauri haina ruhusa kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Na pakiwa na mpango wa kuhamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, eneo lisilofikia hekta 250 uamuzi ni wenu, mkubali au mkatae. Likizidi hapo uamuzi ni wa waziri, baada ya kuyatazama mapendekezo yenu. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu, kwa hiyo mtu akija na maneno ya ekari 600, mjue bado mko ndani ya mamlaka yenu.

Mgeni wa namna hiyo akiletwa, msikubali kuamua siku hiyohiyo. Ombeni ramani, mwende mkatembee mipaka kwa miguu pamoja na wanaolima pale, kisha mkutane tena. Soda na pilau za mgeni mnaweza kula. Saini zisubiri.

Mkutano usipoitishwa

Mkutano mkuu wa kawaida unatakiwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Vipo vijiji unapita mwaka. Usianze na redio wala kundi la WhatsApp. Andikeni barua kwa mwenyekiti kupitia mtendaji, mtaje mkutano wa mwisho ulikuwa lini, muombe uitishwe, majina na saini chini, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, na wenyeviti wa vijiji wote wanakaa humo, kwa hiyo swali lenu litaulizwa mbele ya wenzake. Kukiwa kimya, barua ya pili iende kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ya wilaya, ikiambatishwa na ile ya kwanza yenye mhuri wa kupokelewa. Sasa umeona kwa nini tulihitaji ule mhuri.

Ukinyimwa nakala ya muhtasari au taarifa ya fedha, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Unaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Sheria hiyo inamtaja raia: mkutanoni uliingia kwa ukaazi wako, hapa unaomba kwa uraia wako. Itaje kwenye barua kwa jina na mwaka. Nimeona makabati yaliyopotelewa funguo yakifunguka.

Uchaguzi

Hili nitalipitia haraka, kwa kuwa kila mtu hulikumbuka wakati wake ukifika. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, na huja kila baada ya miaka mitano. Orodha yake ya wapiga kura huandikwa upya palepale unapoishi, kwa siku chache, na ni tofauti na daftari la kudumu linalotumika kumchagua rais na mbunge. Kila mara watu hufika na kadi yao ya kupigia kura mkononi, jina halimo kwenye orodha, wanarudi nyumbani wakilaumu. Jiandikishe kote kuwili, kisha orodha ikibandikwa nenda ukalisome jina lako.

Kupiga kura ni miaka 18, kugombea ni 21, na lazima udhaminiwe na chama. Mgombea binafsi hayupo. Mimi sikipendi kifungu hicho, kinawaacha nje watu wengi wenye busara wasiotaka kadi ya chama chochote. Nafasi za ujumbe ni za makundi mawili, kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Mwanamke, usidhani umefungiwa kwenye la kwanza, la pili nalo ni lako.

Wanaoishi mijini: kwenu ni mtaa badala ya kijiji, kuna mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, na mengi ya hapa, kuanzia muhtasari mpaka saini, mnaweza kuyafuata vilevile. Ardhi yenu lakini ina sheria nyingine. Zanzibar kuna sheha wa shehia, naye huteuliwa, hapigiwi kura, kwa hiyo njia ya kumfikia si hii niliyoieleza.